Aliyekuwa Mbele

Junda, Kisauni
Jumatatu, 13 Januari 2025

Bi Nyambura,

Natumai barua hii inakukuta salama. Sisi huku Junda hatuko salama, na sababu unaijua.

Jana asubuhi klabu yetu ilitoka watu kumi na wanne kwenda Kikambala na kurudi, kama kila Jumapili. Tulipokwisha kupita Mtwapa, mwendo umeshachanganya, binti yangu Noor alianguka. Amevunjika mtulinga wa kulia, na nyonga yake imechubuka hata hawezi kulalia upande ule. Daktari amesema wiki sita asiguse baiskeli. Ana miaka kumi na tisa na hajapata kuvunjika kitu maishani mwake.

Waliokuwa nyuma wamesema mambo mawili. La kwanza, ulikuwa ndani ya msafara umelalia viwiko juu ya vile vyuma vya mbele vya baiskeli yako, mikono mbali na breki. Nimekwisha kukwambia mara mbili kwamba vyuma vile ni vya mtu anayekwenda peke yake. Sisi gurudumu la mmoja li shibiri moja na gurudumu la mwenzake. Mtu asiye na mkono kwenye breki hapo anahatarisha kila mtu, na ndivyo Noor alivyoangushwa. La pili, na hili ndilo lililoniuma, hukusimama. Watu kumi na wawili walishuka kwenye baiskeli zao. Wewe ulipita, ukaenda zako. Nicanor, katibu wetu, anasema alikuona ukiongeza mwendo.

Kamati ilikaa jana hiyo hiyo. Umefungiwa miezi mitatu. Hutatoka nasi wala hutatumia jina la klabu popote. Umetolewa pia katika kundi letu la simu, ndiyo sababu nakuandikia kwa karatasi na kumwachia fundi Ziro pale Changamwe, kwa kuwa baiskeli yako na yangu zote hutengenezwa kwake.

Mwaka juzi ulipokuja kutoka Nyeri kwa kazi yako ya makontena hukumjua mtu. Mimi ndimi niliyesema, mwacheni aje, ana miguu. Sikujua kwamba miguu ndiyo yote uliyokuja nayo.

Barakat
Kapteni


Likoni
16 Januari 2025

Mzee Barakat,

Shikamoo. Pole sana kwa Noor. Nimeanza na hiyo kwa sababu ndiyo kubwa. Nilimpigia simu mara tatu haikushikwa, nikaelewa.

Kuhusu viwiko nilikosa, nakubali. Mgongo ulikuwa unaniuma nikajisahau. Lakini sikumgusa Noor. Nilikuwa nyuma yake, kidogo kushoto, na kati yetu ilikuwa nafasi ya kutosha baiskeli nzima. Aliingia kwenye shimo. Mimi nitamwangusha aje mtu aliye mbele yangu?

Kuhusu kutosimama, sikusikia. Upepo ulikuwa mwingi na nilikuwa nimeinama. Niliona tu kwamba mmebaki, nikafikiri mmesimama kunywa maji.

Mzee, wacha nikueleze vile sisi wa triathloni tumefunzwa. Unaogelea, unapanda baiskeli, unamaliza kwa kukimbia, na hayo yote ni wewe na mwili wako. Ukimkaribia aliye mbele chini ya mita kumi ili ujifiche upepo nyuma yake, refa anakuonyesha kadi, unasimamishwa kando ukihesabu sekunde huku wenzako wakipita. Ukipata pancha unaziba mwenyewe. Rafiki yako akikimbia na pampu mkononi unamfukuza, kwa sababu akikusaidia umetolewa. Kwetu heshima ni kila mtu abebe upepo wake.

Sasa fikiria venye niliona mambo yenu. Mwaka mzima nimewavuta wanaume kumi kutoka Kikambala, upepo wote kwenye kifua changu, halafu daraja la Mtwapa likionekana wananipita wakicheka, wakiinua mikono juu ati wameshinda. Na mtu hajatoa jasho. Mimi hiyo naita wizi. Nilikuwa nafika hapa Likoni nikilia, na sikuwahi kuwaambia, kwa sababu nilijua mtacheka tena.

Nina ombi. Tarehe mbili Machi kuna mchujo wa timu ya taifa ya triathloni. Wanataka barua ya klabu inayosema mwanamichezo ana nidhamu, na lazima iwe imefika ofisi ya Nairobi kufikia Ijumaa tarehe 21 Februari. Mimi sina klabu nyingine. Nina miaka thelathini na moja, Mzee, na tangu Septemba naamka saa kumi alfajiri kuogelea Shelly Beach kabla ya kazi. Sijui kama mwili huu utanipa mwaka mwingine wa namna hiyo. Nifungieni baada ya Machi, hata mwaka mzima. Lakini hiyo barua moja nipeni.

Nyambura


Junda, Kisauni
20 Januari 2025

Bi Nyambura,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Unaita wizi jambo usilolijua. Anayejificha nyuma yako leo ndiye atakayekukinga kesho ukiwa na homa. Ulituvuta kwa sababu hukutaka kutoka mbele. Mara ngapi Lenox amekuja ubavuni mwako akikupungia kiwiko upishe, akupokee zamu ya mbele? Hukupisha hata siku moja. Ulidhani tunakuibia, na sisi tulidhani unatudharau. Na wale kwa kuinua mikono darajani walikuwa wakikukaribisha katika mchezo. Walitaka na wewe uwapite wiki ijayo, ucheke.

Mimi nimewahi kumsubiri mtu niliyekuwa nikishindana naye, mnyororo wake umekatika, nikasimama kando ya njia mpaka akaunganisha, kisha akanishinda. Sijuti mpaka leo. Kwetu mtu akianguka hapana mashindano tena. Ungeweza kuogelea mpaka Zanzibari, Bi Nyambura, kama hili huna bado kuna jambo hujafundishwa.

Kuhusu shimo. Aliye mbele huona kwa niaba ya wote. Ananyoosha mkono chini, anapaza sauti, na kila mtu anampokeza wa nyuma yake. Siku ile shimo lilionyeshwa kama ada. Mwendo ulikuwa wa kawaida. Kilichoharibu ni mtu mmoja kuwa katika kundi na akili yake haimo.

Barua ya nidhamu siwezi kuiandika. Ningeandika nini?

Samahani kwa mwandiko. Tangu Jumapili ile sikai mahali. Jana dukani kwangu mteja aliniomba misumari ya inchi tatu nikaenda kumpimia saruji. Naamka kitini, naenda mlangoni, narudi, na sikumbuki nilikwenda kutazama nini.

Barakat


Junda
25 Januari 2025

Dada Nyambura,

Shikamoo. Ukiona herufi zimelala kama walevi ni kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Barua hii Ziro ameniapia hataitia mkononi mwa Baba hata akiiona.

Nimeisoma barua yako. Baba ameiweka chini ya mizani ya dukani. Najua si vizuri.

Kuna jambo nataka kukwambia, halafu nikuulize jambo.

Hakuna aliyeonyesha shimo. Aliyekuwa mbele ni Baba. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemganda kama alivyonifunza. Alikupita akaichukua zamu kwako baada tu ya Mtwapa, nami nikamfuata, na mwendo haukuwa wa kawaida, wallahi. Miguu yangu ilikuwa ikiwaka. Kila mara aliinamisha kichwa akitazama nyuma chini ya kwapa, na hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anakutazama wewe, kama umeachwa. Kisha ghafla akaruka kando, na mbele yangu pakawa na shimo tu.

Hospitalini aliponiuliza nimeona nini, nilisema sikuona. Alikuwa ananishika miguu, Dada, na mama yuko pale. Ningesemaje? Sasa kila siku inayopita inazidi kuwa vigumu. Ananifunga kitambaa cha mkono kila asubuhi na mimi natazama ukutani.

Naomba usimwambie nimekwambia. Lakini sikuweza kukaa nalo peke yangu ilhali wewe ndiye unayelipa.

Swali langu ni hili. Umemwandikia Baba kwamba hukusikia. Mimi nilikuwa chini, helmeti imenizibia jicho moja, lakini jicho la pili lilikuwa linaona. Uligeuka. Tulitazamana. Mbona uliondoka?

Noor


Likoni
29 Januari 2025

Noor,

Nimeanza hii barua mara nne. Katikati ya kuandika nimekimbia mpaka ferini na kurudi, nikitafuta maneno, na bado sina mazuri.

Ndiyo, niligeuka. Nilikuona. Nilisikia chuma kikigonga lami na nikasikia ukipiga kelele, na hata leo kazini kontena likigongwa naruka. Nilimdanganya baba yako.

Niliondoka kwa sababu nilitazama saa. Sio kitu kingine. Siku hiyo nilikuwa nimepanga kuwaacha Kikambala niendelee peke yangu hadi Kilifi, na nimejiwekea muda wa kufika huko, na baba yako alipokaza mwendo nilikuwa mbele ya muda wangu kwa dakika tatu. Nilikuona chini, nikaona Lenox na Nicanor wameshaanza kushuka, nikajiambia ako na watu kumi na wawili, mimi nitaongeza nini? Nikatazama saa tena. Miguu ikaendelea. Nilifika Kilifi na muda bora kuliko wote nimewahi kupata, Noor, nikakaa chini kando ya barabara.

Nimemwandikia baba yako ukurasa mzima wa sheria zetu. Hakuna sheria inasema umwache msichana kwenye lami siku ya mazoezi. Hiyo ni yangu mimi. Nimekuwa peke yangu muda mrefu hadi nimeanza kufikiri ni nidhamu.

Umenipa kitu kikubwa. Nikionyesha barua yako kwa kamati, adhabu inaanguka na ninakwenda Nairobi. Nimefikiria. Sitakuficha, usiku mmoja mzima nimefikiria. Sitaitumia. Nimeirudisha kwako ndani ya bahasha hii, uichome au uiweke. Sijabaki na nakala.

Pona.

Nyambura


Likoni
3 Februari 2025

Mzee Barakat,

Shikamoo.

Niliandika kwamba sikusikia. Nilisikia. Niligeuka, nikamwona Noor barabarani, nikaenda. Sikuwa na sababu ambayo naweza kukuandikia bila aibu. Nilikuwa nakimbizana na saa yangu.

Kwa hivyo lile la pili mlilonifungia ni la kweli. Miezi mitatu nimeikubali. Sitaomba barua tena, na mchujo nimeshautoa kwa akili, au najaribu.

Kuhusu lile la kwanza, sina la kusema. Kuhusu shimo pia sina la kusema.

Nimemtumia Noor pole yangu kando. Asante kwa ule wakati mlinipokea.

Nyambura


Junda, Kisauni
5 Februari 2025

Bi Nyambura,

Barua yako imefika. Kukiri kwako nimekupokea, na nashukuru.

Ila sikuelewa mstari mmoja. “Kuhusu shimo pia sina la kusema.” Umekusudia nini? Hakuna aliyekuuliza habari ya shimo. Kama kuna mtu amekwambia jambo, ni haki yangu kujua ni nani na amesema nini. Nijibu kupitia kwa Ziro. Nitapita kesho.

Barakat


Junda, Kisauni
9 Februari 2025

Bi Nyambura,

Nimepita kwa Ziro siku nne mfululizo. Hujaandika. Ziro ameanza kunitazama kwa jicho la huruma, nami sipendi.

Nikuarifu kwamba lile shimo nimelifukia. Juzi nilichukua mifuko miwili ya saruji dukani na kokoto, nikaenda na fundi wangu, tukalijaza na kulisawazisha. Nimefanya hivyo kwa usalama wa watu. Halikuwa shimo kubwa. Lilikuwa kama karai la kufulia. Mtu angeweza kulikwepa.

Leo Jumapili sikutoka na klabu. Nimesema goti linauma. Goti langu ni zima.

Nakuomba unijibu.

Barakat


Junda, Kisauni
Ijumaa, 14 Februari 2025

Bi Nyambura,

Hukunijibu, na nimeshafahamu kwamba hutanijibu. Naandika sasa bila kungoja.

Aliyekuwa mbele nalikuwa mimi.

Ulikuwa umetuvuta tangu Shanzu na kila nikikutazama huhemi. Nina miaka hamsini na miwili na nimekuwa kapteni kwa miaka tisa. Nilipokupita na kuichukua zamu nikasema moyoni, leo huyu atachoka. Nikakaza. Kila baada ya kitambo nikitazama chini ya kwapa kama umebaki nyuma, na kila mara uko pale pale, umelala juu ya viwiko vyako kama mtu aliye kitandani kwake. Mara ya mwisho nalipoinua macho shimo li chini ya usukani. Nikaruka. Mkono haukutoka. Sauti haikutoka. Na nyuma yangu ni mwanangu, aliyeliamini gurudumu langu.

Nalipogeuka na kumwona chini, watu wakauliza, “Imekuwaje?” Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Ni yule na viwiko vyake.” Nakuapia sikupanga. Lilitoka kama mtu anavyoinua mkono kujikinga uso. Lakini baada ya hapo nililipanga. Nilikwandikia kwamba waliokuwa nyuma ndio waliosema. Waliokuwa nyuma hawakusema kitu juu ya viwiko.

Nilingoja unishitaki. Barua yako ya tarehe tatu ilipokuja nalidhani unanitega. Kisha siku zikapita, na wewe kimya, na nikaelewa kwamba umekiri lako, la kwangu umeniachia mwenyewe. Hilo ndilo lililoninyima raha. Ungenitukana ningepata la kujibu.

Jana baada ya sala ya Alasiri niliita klabu nzima nyuma ya duka. Wamekuja wote, wamekaa juu ya mifuko. Noor alikuwa mlangoni. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Nilipomaliza Nicanor akasema, “Kapteni, kaa chini, unywe maji.”

“Sikai,” nikamwambia. “Mnasemaje?”

Wakatazamana. Nicanor akasema, “Sisi tulijua.”

“Mlijua nini?”

“Tulikuona ukilikwepa. Mimi niliona, Lenox aliona. Si wengi wasioona.”

“Na mbona hamkusema?”

“Tungesema vipi? Wewe ndiye kapteni wetu, na mtoto ni wako. Tuliona uchungu ulio nao unakutosha. Tukakukinga.”

Bi Nyambura, kwa miaka tisa nimewafundisha hivyo. Mkinge mwenzio. Nilisimama pale nikaona nilichowafundisha.

Ndipo Noor akasema kutoka mlangoni, hakupaza sauti, “Na Dada Nyambura? Yeye alikuwa mwenzenu au hakuwa?”

Lenox aliinamisha kichwa. Noor akaondoka, akapanda juu nyumbani.

Ukapteni nimeuacha. Nicanor anaushika mpaka uchaguzi. Kifungo chako kimefutwa, na ndani ya bahasha hii mna barua ya klabu kwenda Nairobi, imepigwa muhuri, imetiwa sahihi na Nicanor. Mpaka tarehe 21 ungali na wiki.

Na lile shimo sikulifukia kwa usalama wa watu. Nililifukia kwa sababu kila nikipita na gari ya mzigo nililiona.

Nisamehe ukiweza. Kwa yule mwingine, wa nyumbani, ninaomba kila siku na sijajua atasema nini. Asubuhi ameniambia nimekaza mno kitambaa cha mkono, nilegeze. Ndiyo maneno yetu ya leo.

Barakat


Likoni
17 Februari 2025

Noor,

Baba yako ameniandikia. Amesema yote. Nilisoma nikiwa kwa Ziro, nimesimama kati ya magurudumu, na Ziro akanipa kiti bila kuniuliza.

Ameniwekea na barua ya Nairobi. Nimekuwa nayo siku mbili kwa mkoba. Naitoa, naisoma, nairudisha. Inasema, “mwanamichezo mwenye nidhamu na moyo wa kujali wenzake.” Nicanor ndiye ameandika hivyo. Najua alikuwa anataka kunifurahisha. Nikifika hapo kwa “kujali wenzake” nashindwa kuendelea.

Nilifungiwa kwa makosa mawili. Moja, la kukuangusha, halikuwa langu na limeondolewa. La pili liko pale pale. Baba yako kusema ukweli wake hakubadilishi kwamba nilikuona na nikaenda. Nikipeleka hii karatasi ni kama nimesema tumelipana, mimi na yeye, na wewe ndiye ulivunjika.

Kwa hivyo nimeamua nikupatie. Iko ndani ya bahasha hii. Wewe ndiye mwenye haki. Ukisema niende nitakwenda. Ukiichana sitalalamika, naapa. Sitaki unijibu haraka. Lakini najua tarehe ni Ijumaa, na wewe unajua, na samahani kwa hiyo pia.

Nimeendelea kuogelea asubuhi. Sijui naogelea kwa ajili ya nini. Nikiacha siku moja mwili unawasha.

Nyambura


Junda
Alhamisi, 20 Februari 2025

Dada Nyambura,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kulia leo. Daktari ameniruhusu kalamu, bado kuinua.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Nataka uijue sababu. Wewe na Baba mnadhani mko mbali, mmoja wa kundi na mwingine wa peke yake, lakini mkikosa mnafanya jambo moja. Mnakuja na kosa lenu mnaniwekea mapajani, mnakaa mnanitazama. Baba anapika uji kila asubuhi, yeye ambaye hakuwahi kuwasha jiko, anasimama na bakuli ananichungulia usoni kama mtu anayengoja majibu ya maabara. Jana nimemwambia, “Baba, uji ni mtamu, sasa nenda dukani.” Akacheka kidogo. Mimi pia. Hapo ndipo tulipofika.

Na wewe umeniletea karatasi nikuamulie maisha. Mimi ndiye niliyevunjika, halafu nifanye na kazi ya hakimu?

Sikuichana. Nilitaka. Niliishika hivi, vidole viwili huku na viwili huku, nikaona mkono wa kulia hauna nguvu ya kuchana karatasi, nikalia kwa hasira.

Sijakusamehe. Afadhali niseme wazi kuliko niandike maneno mazuri ambayo hayamo. Nikifumba macho naona mgongo wako unakwenda. Labda utapita, labda nitauzoea. Siwezi kuupangia tarehe. Ofisi ya Nairobi inayo tarehe, na ni kesho.

Kwa hiyo leo asubuhi nimechukua tuktuk mpaka kituo cha mabasi, mkono umefungwa, bahasha kifuani. Karani akaniuliza kama nina mtu wa kuipokea. Nikamwambia yuko binamu yangu Suad, jioni atakuwa kituoni na kesho saa mbili atakuwa mlangoni pa ofisi yao. Mstari ule wa “kujali wenzake” nimeupiga wino mweusi. Nicanor akiuliza, mwambie ni mimi.

Basi limeondoka saa nne. Saa hizi ninapoandika litakuwa limeipita Voi. Hutaweza kulirudisha, na mimi siwezi.

Nenda ukashindane. Usije hapa kunishukuru, na ukishindwa usiseme ilikuwa kwa sababu yangu. Ogelea tu, Dada, na ukitoka majini panda baiskeli, na ukishuka kimbia.

Noor